Msimu Huu Kimya Atasema

Februari 4

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa zile wiki nilizokaa bila kuandika. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi la studio yameniganda. Bado niko kwenye kile chumba juu ya duka la vioo. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi bila kumwambia mtu, nikapanda nayo mbichi, na sasa nyayo zangu za kijani zimekwenda hadi kitandani. Tanuri jipya la hapo kwenu kiwandani limefika, au mwajiri bado anapiga kalenda? Msalimie Msusi wa chumba cha mbele, na umwambie asipandishe sauti ya televisheni hadi majirani wahame.

Sasa lililonikalisha chini. Jana tumepewa maandishi ya msimu mpya wa tamthilia yetu, *Geti Jeusi*. Unakumbuka ule uliopita ulivyoishia: Mzee anashuka kwenye gari, risasi inalia, skrini inakuwa nyeusi, na ukaniandikia kwamba Msusi alirusha kitana ukutani kwa hasira. Basi, Mzee amekufa. Usimwambie Msusi, atatangaza mtaa mzima. Kipindi cha kwanza ni mazishi yake. Ile familia nzima ya wauza magendo imekaa sebuleni, kila mtu anakitolea macho kiti cha Mzee, na hapo, Shangazi, Kimya anasema.

Kimya, yaani mimi. Yule mtoto wa mwisho ambaye kwa misimu miwili kazi yake ni kusimama nyuma ya baba yake na kukunja uso. Watu wakiniona barabarani wananipisha. Hawajui kwamba nilikuwa fundi wa taa mwenye mabega mapana, kwamba mwongozaji aliniuliza jina langu nikakwama kwenye herufi ya kwanza, akangoja, akangoja, mwisho akasema, "Basi, wewe utakuwa Kimya."

Sentensi zenyewe ni tatu. "Baba hakufa. Baba ameuawa. Na aliyemuua amekaa humu ndani." Unaliona neno linaloanza. Katika maneno yote waliyonayo, wamenipa hilo, na wamelirudia.

Nikiandika sina kigugumizi. Ndiyo maana mimi na simu hatupatani, na wewe hujawahi kunilazimisha. Lakini hili siwezi kuliandika. Nimewaambia nitalifanya. Nimewaambia kwa kutikisa kichwa, lakini nimewaambia. Unaonaje?

Mwanao


Februari 21

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili nimezipokea. Tanuri limefika. Mlango wake unafungukia upande mwingine, na sote tumeungua viwiko kwa mazoea ya lile la zamani. Mimi siku hizi niko meza ya kukanda, tanuri nimewaachia wenye haraka zao. Mwandiko usikushangaze kwa ukubwa, kalamu hii ni nene.

Utasema. Sikuombi, nakwambia. Marehemu kaka yangu, baba yako, Mungu amrehemu, alidhani kigugumizi ni ukaidi. Alikuwa akitaka kukutoa neno kama mtu anayeng'oa msumari, na neno alilolitaka kuliko yote ni lile la kumwita yeye. Usiniulize kwa nini hilo ndilo lililokuganda. Lakini sasa yeye hayupo, na neno limebaki kuwa lako. Lichukue.

Usiliparamie tu. Tulipokuwa tukikanda unga pamoja, wewe ukiwa umesimama juu ya kreti, mikono ikishughulika, mdomo ulijisahau, ukaongea hadi nikakwambia upumzike. Mwambie mwongozaji akupe kitu cha kushika.

Na jambo jingine. Mimi nataka kukusikia. Kukutazama nimekutazama vya kutosha.

Shangazi yako


Machi 30

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilitubana. Tumemaliza kupiga picha za kipindi cha kwanza. Mvua ya mazishini ilitoka kwenye gari la zimamoto, na mwigizaji mkongwe anayecheza mjane wa Mzee alilia hadi fundi wa sauti akavua vile vya masikioni ajifute macho. Niliomba kitu cha kushika, wakanipa fimbo ya Mzee.

Ile sehemu yangu imeenda vizuri.

Kionjo cha msimu kitaanza kuonyeshwa mwezi ujao. Huku baridi imeanza, nimenunua blanketi zito la kahawia.

Mwanao


Aprili 25

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Kazini kulitokea vurugu ndogo, mikate mitamu ya asubuhi nzima ikatoka na chumvi badala ya sukari. Si kitu, imekwisha. Msusi ana mteja mpya anayetaka nywele za yule dada yenu mkubwa wa kwenye kipindi, yule anayetia sumu kwenye vinywaji. Nikamwambia mwanamke akiomba hivyo nawe uchunge kikombe chako.

Sasa tuongee. "Imeenda vizuri." Mwanangu, mtu anayenieleza rangi ya nyayo zake hadi kitandani, jambo la maisha yake analiandika kwa maneno machache hivyo, kisha anakimbilia kwenye blanketi?

Nimekitazama kionjo. Lile shati jeupe limekupendeza. Lakini niliposikia "Baba hakufa", aliyesema ni mwanamume mwenye sauti nene iliyonyooka, kama wale wanaosoma taarifa ya habari. Nikangoja sauti yako, kionjo kikaisha, wakaweka tangazo la sabuni.

Yule ni nani? Nijibu, na usinizungushe.

Shangazi yako


Mei 9

Shangazi,

Shikamoo. Sitakuzungusha.

Nilikwama. Fimbo nilikuwa nimeishika kweli, nikaikaba hadi vidole vikafa ganzi, na mdomo haukujisahau hata kidogo. Tulirudia tukio lile mara nyingi kuliko tukio lolote nililowahi kuliwekea taa. Waigizaji wenzangu walikuwa wema, na wema wao ndio ulionimaliza: kila mmoja aliangalia viatu vyake. Yule mkongwe anayecheza mama yetu alinishika mkono chini ya meza, mahali ambapo kamera haioni, akaninong'oneza, "Tuna siku nzima, mwanangu." Hatukuwa na siku nzima. Mwishoni lilitoka, limekatikakatika, na mwongozaji akasema tule chakula cha mchana.

Jioni mtayarishaji akaniita. Huyu ndiye anayesimamia kila kitu, hata mwongozaji anamsikiliza. Akaniambia, "Uso wako unatosha. Sauti tutatafuta." Wakamchukua mtangazaji wa redio. Alikuja akiwa na chupa ya maji ya moto, akamaliza kazi kabla maji hayajapoa.

Unajua nilifanya nini aliponiambia? Nilishukuru. Nilimshika mkono nikamshukuru, Shangazi, kama mtu aliyefutiwa kesi. Tangu siku hiyo sijaweza kukuandikia bila kuona haya.

Sasa nami nina swali. Katika kionjo kile sikuvaa shati jeupe. Nimevaa koti refu jeusi lililofungwa hadi shingoni, na kila mtu mle ndani amevaa nyeusi. Katika barua yako mistari miwili umeiandika mmoja juu ya mwingine, nikaisoma kwa kuikisia. Na wewe, uliyeoka mikate tangu sijazaliwa, unaniambia chumvi imeingia mahali pa sukari na si kitu?

Nawe usinizungushe.

Mwanao


Mei 20

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni Msusi, ninayesema ni mimi. Nimemwambia asiongeze lake.

(Sijaongeza kitu. Hujambo Kimya?)

Sioni vizuri. Nilianza kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo, na tundu likaendelea kuziba. Jicho la kulia limeniaga kabisa. La kushoto lina mwanga, naona dirisha liko wapi, naona mtu amesimama, lakini ni nani sijui mpaka aongee. Nadhani ni presha ya macho, ndiyo iliyomchukua mama yangu.

(Nadhani, anasema! Hajakanyaga hospitali. Kila Ijumaa anasema wiki ijayo. Na chumvi ile ilikuwa yake, mwajiri alipiga kelele mpaka nikamsikia huku kwangu.)

Msusi, andika ninachosema.

Hukuambiwa kwa sababu nilijua ungefanya nini. Ungeacha kuniandikia, ungejilazimisha kupiga simu, na kila wiki ungekaa siku nzima ukiiogopa ile dakika moja ya kuniambia hujambo. Sikutaka uniogope. Kwa hiyo barua zako nasomewa, na za kwangu nilikuwa naziandika kwa kupapasa.

(Nazisoma mimi. Kwa hiyo ndiyo, tangu Februari nilijua kwamba Mzee amekufa, na sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa naumwa kabisa kwa kuibana siri hiyo. Na mimi sitangazi mtaa mzima.)

Msimu wa kwanza nilikuona kwa macho yangu, namshukuru Mungu. Wa pili niliona vivuli. Tunakaa kwenye saluni, Msusi ananishika goti, namuuliza, "Yuko wapi sasa?" Ananiambia, "Yuko nyuma ya Mzee, amekunja uso. Sasa amemwangalia dada yake kwa upande." Mimi natikisa kichwa kama naona. Siku ya kile kionjo Msusi alikuwa sokoni, nikakisia shati.

Kwa hiyo sikiliza, uelewe ninachodai. Wakikuwekea sauti ya mtu mwingine, wengine wote watapata uso wako. Mimi sitapata kitu. Kwangu mimi sebule ile itakuwa imejaa watu, na wewe hutakuwemo. Sijali ukikwama. Nimekusikia ukikwama tangu ukiwa na meno ya utoto, kwangu ndivyo unavyosikika. Huyo mtangazaji sina undugu naye.

Nenda ukairudishe sauti yako.

Shangazi yako

(Amemaliza, amegeuza uso kule. Kimya, fanya anavyosema.)


Juni 14

Shangazi,

Shikamoo. Na wewe Msusi, hujambo, na nisamehe kuhusu kutangaza.

Barua yenu niliisoma nimesimama ngazini, sikufika juu. Kwanza nilikasirika. Kisha nikakaa pale pale kwenye ngazi, mwenye duka la vioo akaniletea maji bila kuniuliza kitu. Nikanywa, nikaenda moja kwa moja kwa mtayarishaji. Sikuandika chochote cha kumpa. Nilijua nikiwa na karatasi nitampa karatasi na kukimbia.

Alikuwa anakula karanga, miguu juu ya kiti. Nikamwambia, "N-n-nataka sauti yangu."

Akasema, "Hilo tulilimaliza."

"W-wewe ulilimaliza."

Akaacha karanga. "Kijana, nakupenda. Lakini watu watacheka. Tukio lile wakicheka, msimu mzima umekwenda na maji."

Nikamwambia, na lilinichukua muda mrefu, naye mara mbili alitaka kunimalizia neno, nikanyanyua mkono akanyamaza: "Kimya hajasema misimu miwili. Akifungua mdomo siku ya kumzika baba yake, akasema kama taarifa ya habari, nani atamwamini?"

Akaniangalia. Kisha akamwita mwongozaji, naye akaja na fundi wa kuunganisha picha. Huyu fundi ni mwanamke mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Yeye ndiye aliyefungua jambo. Alisema sauti ya mtangazaji inamsumbua tangu mwanzo, kwa sababu midomo yangu haiendi nayo. Mimi nilikuwa nikipambana na neno, mtangazaji analitoa kama anamimina maji. Kwa hiyo fundi amelazimika kuonyesha visogo, dirisha, mkono wa mjane, chochote kile ili uso wangu usionekane ukisema. "Kwa sauti yake mwenyewe," akasema, "uso ningeuacha."

Mwongozaji akasema, "Basi tumjaribu."

Nikapewa nafasi kwenye chumba cha sauti. Ni kama kabati lililotandikwa magodoro ukutani. Kwenye skrini niko mimi, nimeikaba ile fimbo, midomo imebanana, shingo imetoka mishipa. Sijawahi kujiona nikikwama, Shangazi. Maisha yangu yote nilidhani wanaonitazama wanaona mjinga. Sikuona mjinga. Niliona mtu ana jambo zito na hakubali kuliacha.

Nikasema. Nilikwama alipokwama yule wa kwenye skrini, nikatoka alipotoka. Fundi wa sauti alinyanyua kidole gumba nyuma ya kioo.

Lakini usijenge tumaini kubwa. Mtayarishaji amesikiliza, amesema, "Nitafikiria," akaondoka. Mkataba unamruhusu aweke sauti anayotaka, na hakuna atakayetuambia mpaka kipindi kitoke. Nimemwachia ujumbe kwa mwongozaji: akiweka ya mtu mwingine, msimu ujao atafute na mabega mengine. Sitishii. Kazi ya taa naijua, nitarudi kwenye taa.

Sasa zamu yako. Nimepiga simu hospitali ya macho. Ndiyo, mimi, simu. Karani alidhani mtandao umekatika, akakata. Nikapiga tena. Akakata tena. Mara ya tatu nikaanza na jina lako, ambalo huwa linatoka bila shida, na mengine yakafuata nyuma yake. Unatarajiwa Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi huu. Msusi, mfungie saluni asubuhi hiyo, umshike mkono, na akisema wiki ijayo umburute.

Mwanao


Julai 6

Mwanangu,

Marahaba. Anaandika Msusi, na leo ameapa kwamba atanyamaza.

Kwanza macho, ili yasituharibie mengine. Nilikwenda. Sikuburutwa, nilitembea. Ni presha ya macho. La kulia halirudi. Daktari, msichana mwenye vidole baridi, aliniambia hivyo bila kupindisha, nikamshukuru kwa hilo. La kushoto litabaki na huo mwanga wake ikiwa nitatia dawa kila siku hadi nife. Nikamwambia sina mipango mingine ya hadi kufa, kwa hiyo nafasi ipo. Nimekwenda pia kwa mwajiri, nikamweleza mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Alikuna kichwa. Akasema nibaki meza ya kukanda, na sukari na chumvi zitapimwa na mwingine. Nimekubali, japo yule mwingine anapima kama anayetoa sadaka.

Sasa jana.

Saluni ilijaa hadi mlangoni. Wateja, waume wa wateja, mwajiri wangu alikuja na mkewe, wengine walikaa chini ya zile kofia za kukaushia nywele. Nilikaa kiti cha mbele, si kwa sababu naona, ila kwa sababu ni wewe. Ukaanza ule muziki, watu wakanyamaza. Mvua. Jeneza. Mjane akalia, nami nikasikia pua zinavutwa pande zote. Kisha wakaingia sebuleni, wakaanza kugombana, yule dada wa sumu akasema kiti ni chake, kaka mkubwa akapiga meza. Msusi akaninong'oneza, "Amesogea. Amesimama katikati." Kisha akaniachia goti. Baadaye aliniambia kamera ilikuwa imekaribia uso wako ikagoma kutoka.

Halafu kimya.

Kikawa kirefu. Mtu nyuma akauliza, "Imekatika?" Mwingine akamwambia ashike adabu, huoni alivyo na hasira? Wote walidhani ni hasira, mwanangu. Mimi peke yangu mle ndani nilijua ni nini, kwa sababu mtangazaji asingengoja hivyo. Mtangazaji hana cha kungoja. Nilijikuta nimebana midomo, nasukuma nawe.

Ukasema. Likatoka limejigonga ukingoni, kisha likanyooka, na ilikuwa sauti yako, ile yenye mkwaruzo kidogo, uliyoipata ulipovunja sauti ukiwa mvulana na kuniudhi kwa kuimba bafuni. "Baba hakufa." Msichana mmoja akacheka, kicheko kifupi cha woga, hakuna aliyemfuata. Ukakwama la pili. Hapo hata yeye alinyamaza. "Baba ameuawa." Na la tatu lilitoka lote kwa mkupuo mmoja, taratibu, hadi mwajiri wangu mzima na kitambi chake akasema, "Mama yangu!" na akageuka kuangalia nani amekaa karibu naye.

Walipoanza kupiga kelele sikuwasikia tena. Msusi anasema nililia. Nadhani ananisingizia.

(Sisingizii.)

Waliendelea na kipindi, wakapigana, wakakimbizana na magari, sijui nini. Wewe hukusema tena, ulirudi kusimama nyuma kama kawaida. Msusi alisubiri nimuulize, maana kila dakika chache huwa namuuliza yuko wapi sasa. Nilikaa pale hadi mwisho, na sikumuuliza.

Shangazi yako